Kutembea kati ya dripu na dripu: mwongozo kwa anayetibiwa saratani

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza matibabu ya saratani ni hili: niendelee kutembea na kufanya kazi zangu, au nilale nikusanye nguvu? Jibu langu ni moja. Usiku lala, mchana pumzika ukichoka, lakini usihamie kitandani. Uchovu wa kemo, yaani dawa za kuua saratani, nyingi za dripu, haumalizwi na usingizi. Utalala mchana kutwa, utaamka umechoka vilevile, na huku misuli inanywea. Baada ya wiki chache hata kutoka chumbani kwenda msalani inakuwa safari. Anayeusogeza mwili wake kidogo kila siku ndiye anayechoka kidogo. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakiwaambia wagonjwa wapumzike tu. Siku hizi mambo yamebadilika: mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona ashauriwe kutembea na kufanya mazoezi ya nguvu huku dawa zikiendelea, ili madhara yake, uchovu ukiwa wa kwanza, yapungue.

Mimi si daktari. Ni askari polisi mstaafu, Mnubi wa Bombo, na maisha yangu ya kazi nimeyamalizia Naguru, penye makao makuu ya polisi. Saratani yangu ilikuwa ya titi la kushoto. Nilipata kemo, kisha upasuaji, kisha mionzi, yote pale Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda ambayo imekuwapo kilimani pale tangu mwaka 1967. Kwa kuwa kazini tulikimbia mchakamchaka alfajiri, watu hudhani nitawahimiza wagonjwa wakimbie. Sivyo. Ninachotaka ujifunze ni kuisoma kalenda ya dawa yako, ujue mwili wako unaruhusu nini siku gani, na siku hiyo ufanye kiasi hicho bila kukosa.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla hujaanza

Usitoke kliniki na jibu la "fanya mazoezi mepesi" peke yake. Uliza kama saratani imefika kwenye mifupa, maana mfupa uliodhoofishwa na saratani unaweza kuvunjika kwa kuinua mzigo au kujipinda kiuno tu. Uliza kama dawa zako zinagusa moyo. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ni mojawapo, na anayepewa hiyo anapaswa kuripoti mapema akianza kukosa pumzi kwenye mwinuko aliouzoea au miguu ikivimba. Uliza kama zinaleta ganzi. Paklitakseli na dosetakseli huleta ganzi vidoleni na nyayoni, na mtu asiyehisi ardhi huanguka.

Halafu omba usomewe hesabu ya damu yako, uiandike kwenye daftari. Namba tatu zinakuhusu. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni damuni, ikiwa chini ya 8, utahema kwa kupanda ngazi chache. Bakia na hatua fupi za nyumbani mpaka daktari aseme vingine. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka chini ya 50,000, acha kuinua vizito na chochote kinachoweza kukuangusha. Chini ya 20,000, usifanye zoezi lolote bila ruhusa. Chembe nyeupe, zile zinazopigana na maambukizi, zikiwa chache, kutembea si shida, shida ni watu na uchafu. Hilo nitalieleza.

Wiki tatu zisizofanana

Kemo nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu. Nyingine ni za kila wiki, na kalenda yake unaweza kuitengeneza kwa njia hiihii.

Siku za kwanza baada ya dripu, kichefuchefu na udhaifu ndivyo vinavyotawala. Hapo lengo ni dogo: usilale saa nyingi mfululizo. Amka, vaa nguo za mchana, kaa kitini, zunguka sebuleni au kwenye baraza kwa dakika tano, rudi. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Mimi niliambatanisha mizunguko yangu na swala tano ili nisisahau; siku ambazo rukuu na sujudu zilinishinda niliswali nimekaa, dini inaruhusu, kisha nikazunguka baraza. Mkristo anaweza kutumia nyakati za chai na dawa.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe huwa chini kabisa. Kinachotatiza ni kwamba kichefuchefu kimeshaondoka, unajisikia nafuu, unataka kwenda soko la Nakawa ukasalimie watu. Subiri. Wiki hiyo tembea nje penye hewa na watu wachache. Epuka teksi (matatu) iliyojaa, ukumbi wa mazoezi, msiba, mtoto mwenye mafua. Ukigusa udongo bustanini vaa glavu, na usitembee pekupeku. Kuogelea ziwani au bwawani kuache kabisa mpaka matibabu yaishe.

Wiki ya tatu ndiyo yako. Damu inapanda, hamu ya chakula inarudi, miguu inasikia amri. Hapo ndipo uongeze dakika na ufanye mazoezi ya nguvu sawasawa, kwa sababu nguvu utakazojenga wiki hiyo ndizo utakazoingia nazo kwenye dripu inayofuata.

Jambo moja linawavunja moyo wengi: kadiri dripu zinavyoongezeka, wiki ya tatu nayo haifiki ilipofika ile ya dripu ya kwanza. Uchovu unajilimbikiza. Kwa hiyo usijipime na ulivyokuwa kabla ya ugonjwa. Linganisha siku ya kumi ya mzunguko huu na siku ya kumi ya mzunguko uliopita, basi. Mionzi ina mwendo wake: unaenda Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, mwanzoni huhisi kitu, uchovu unakuja taratibu na unaweza kuzidi siku za mwisho na hata wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Waliopanga vyumba karibu na Mulago kwa ajili ya mionzi nawashauri waitumie foleni. Usikae kwenye benchi tangu asubuhi hadi uitwe. Mwachie jirani daftari lako, zunguka jengo, rudi.

Namna ya kutembea

Lengo la kufikia pole pole ni nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo wa kati, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Nusu saa si lazima iwe moja. Dakika kumi asubuhi, kumi alasiri, kumi jioni, ni sawa. Mwendo wa kati unaupima kwa mdomo: unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, kaza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Siku usiyojua kama unaweza, jipe dakika kumi. Anza. Zikiisha na unajisikia vilevile au nafuu, endelea. Ukijisikia vibaya zaidi, rudi nyumbani bila kujilaumu, siku hiyo imehesabiwa.

Kampala ni mji wa vilima na hilo lina mpango wake. Nyumba yako ikiwa katikati ya mteremko, kawaida ni vyema uanze kwa kupanda ungali na nguvu, ili kurudi iwe kushuka. Lakini mwenye ganzi nyayoni afanye kinyume cha mazoea: atafute mahali tambarare, kwa sababu watu wenye ganzi huanguka wakiteremka. Uwanja wa shule jioni, uwanja wa kanisa au wa msikiti, hata koridoo ya nyumba ya kupanga inatosha. Vaa viatu vya raba vilivyofungwa, si ndara. Ukirudi, vua, kagua nyayo kwa macho, maana kokoto inaweza kukukata usisikie.

Toka saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Dawa kadhaa za kemo huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jua kabisa. Ifunike kwa nguo ya pamba isiyobana. Jioni kuna mbu, kwa hiyo mikono mirefu. Beba maji. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinapogeuza njia kuwa tope jekundu, hamia barazani. Mfupa ukivunjika, matibabu yenyewe yanaweza kusimamishwa.

Boda boda hazingoji mgonjwa. Tembea upande unaoziona zikija.

Jerikeni na kiti

Huhitaji vyuma vya kununua. Uganda kila nyumba ina jerikeni, na lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu rahisi. Anza na chupa ya nusu lita kila mkono. Kunja viwiko, panda hadi begani, shuka taratibu, mara kumi, pumzika, rudia. Ukiweza mara kumi na mbili bila shida kwa wiki nzima, nenda lita moja. Baadaye jerikeni ya lita tatu, kisha ya tano. Ile ya lita ishirini waachie wenye afya, na usiibebe kichwani hata kama umezaliwa unaibeba.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kiti. Chukua kiti cha plastiki, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa ukingoni, nyayo zote mbili chini, mikono imekunjwa kifuani. Simama bila kujishika, nyooka, kisha kaa taratibu hadi makalio yaguse kiti, usijitupe. Kushuka ndiko kunakojenga mapaja. Mara tano ukiweza, mara mbili ukiweza mbili; ukishindwa kabisa, jisukume kwa mikono kwenye mapaja na upunguze msaada siku kwa siku. Mapaja hayo ndiyo yatakayokuinua kwenye choo cha kuchuchumaa na kukupandisha teksi. Mgonjwa anayeweza kujiinua mwenyewe anahifadhi heshima yake, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimewaona wanaume wazima wakilia kwa kuinuliwa chooni na watoto wao.

Kazi za nyumbani zinahesabika: kufagia, kuanika nguo, kumenya matoke ukisimama. Kupiga deki kwa kuinama hadi chini kunaleta kizunguzungu damu ikiwa pungufu. Tumia fagio lenye mti mrefu.

Mkono wa upande uliopasuliwa

Waliokatwa titi na kutolewa tezi za kwapani, someni hapa pole pole. Siku za mwanzo, mrija wa kutoa majimaji ya kidonda ukiwa bado upo, kazi ni kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega, bila kuinua mkono kupita usawa wa bega. Mrija ukitolewa na daktari akiruhusu, ukuta unakuwa mwalimu.

Simama ukiutazama ukuta. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, ukutani usawa wa kifua. Vipandishe kwa zamu, kimoja baada ya kingine, huku unasogea karibu na ukuta, mpaka uhisi kuvutwa kwapani na ubavuni. Kuvutwa, si kuchanwa. Kaa hapo, vuta pumzi tano za ndani, shuka kwa vidole hivyohivyo. Usiuache mkono uanguke. Nyumbani kwangu nusu ya chini ya ukuta wa sebule ina rangi ya mafuta ya bluu, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akichora alama ya penseli pale vidole vilipoishia, akiandika tarehe pembeni. Siku zingine alama ilikuwa palepale pa jana. Siku chache ilishuka. Lakini zikitazamwa pamoja, zilikuwa zinapanda, na siku zilipovuka mstari wa rangi ya bluu na kuingia kwenye nyeupe, mtoto alipiga vigelegele kabla yangu. Mkono lazima ufike juu ya kichwa kabla ya mionzi, kwa sababu kwenye mashine hiyo mara nyingi utalala umeuinua, na hutakiwi kutikisika. Mionzi ikianza, usiache zoezi hili, maana ngozi na misuli hukakamaa.

Wengi wameambiwa wasibebe chochote kwa mkono huo maisha yao yote, wakiogopa mkono utavimba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake wenye mkono uliokwisha kuvimba, waliobeba uzito kwa kuuongeza kidogo kidogo chini ya uangalizi na wakiwa wamevaa soksi ya mkono ya kubana, hawakuvimba zaidi. Siri ni kuongeza kidogo. Pete ikibana ghafla au mkono ukawa mzito, mwekundu au wa moto, simamisha, nenda ukaonwe.

Homa si ya kukisia

Hapa sitaki tuelewane vibaya. Kwetu homa yoyote inaitwa malaria, mtu anapita duka la dawa, anameza vidonge, anangoja. Ukiwa kwenye kemo usifanye hivyo. Joto likifika 38, hakuna mazoezi, na hakuna kungoja asubuhi: nenda hospitali, usiku uleule, waambie mlangoni kwamba unapata kemo na dripu ya mwisho ilikuwa lini. Malaria watapima hukohuko. Kama ni maambukizi na chembe nyeupe ziko chini, unahitaji dawa za mshipani upesi, na saa chache zinaweza kuamua. Nunua kipimajoto. 

Simama pia, ukae, uite mtu, ukipata maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo, kizunguzungu kisichoisha, au damu isiyokoma puani au kwenye fizi. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kukushinda ni dharura ya siku hiyohiyo.

Maumivu ya kawaida ya ugonjwa ni jambo jingine. Hayapaswi kukulaza nchi hii inapokuwa na morfini ya maji ya kunywa, inayotengenezwa hapahapa na shirika la Hospice Africa Uganda, lile lililoanzishwa mwaka 1993, na mgonjwa anaipata bure. Kunywa dozi yako kwa wakati, subiri kama nusu saa, ndipo utembee. Siku za kwanza tembea na mtu kwa sababu inaleta usingizi. Morfini hufunga choo, na kutembea husaidia tumbo, pamoja na dawa ya kulainisha uliyopewa.

Watu wa nyumbani

Kizuizi kikubwa nilichokutana nacho kilikuwa mapenzi. Mkaza mwanangu alikuwa akinipokonya ufagio mkononi: "Mama, kaa, nipo kwa ajili gani?" Majirani wakija na matunda walitaka wanikute nimelala, ndiyo heshima ya mgonjwa. Huwezi kuwagombeza watu wanaokupenda, ila unaweza kuwapa kazi nyingine. Mkaza mwanangu nilimpa saa na chupa ya maji: yeye ndiye mwenye kuangalia dakika na kunirudisha zikiisha. Alipoona daktari anasoma daftari na kulisifu, akawa mkali kuliko afande yeyote niliyetumikia chini yake. Na nilipoambiwa mgeni anakuja, nilivaa viatu kabisa: karibu, tuzungumze tukitembea.

Wewe unayemuuguza mtu, usimuulize "unaweza?" Mwulize uchovu wake leo ni ngapi kati ya kumi. Hadi tatu, fanyeni mpango wote. Nne hadi sita, nusu. Saba na kuendelea, msimamishe tu mara kadhaa, anyooshe mgongo, avute pumzi dirishani, arudi kitini. Kwa namba mtu hasemi uongo sana kama kwa maneno.

Kwa saratani nyingine, na kwa wanaotoka mbali

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, na ya tezi dume kwa wanaume, kwa hiyo siwezi kuzungumzia titi tu. Mwenye saratani ya tezi dume anayechomwa sindano za kushusha homoni hupoteza misuli na mifupa hudhoofika. Yeye jerikeni na kiti vinamhusu kuliko yeyote, baada ya daktari kuthibitisha mifupa ni salama. Waliopigwa mionzi ya nyonga, wanaume kwa wanawake, wajifunze kubana misuli ile inayozuia mkojo: bana, hesabu hadi tano, achia, mara kumi. Mwenye saratani ya ngozi iitwayo Kaposi na miguu iliyovimba apandishe miguu juu ya mto akikaa, na achezeshe vifundo vya miguu juu na chini kutwa.

Anayekuja Kampala kwa basi kutoka Arua au Kisoro atakaa kitini saa nyingi, na saratani pamoja na kemo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kila nusu saa inua visigino mara ishirini, kisha vidole mara ishirini. Basi likisimama, shuka hata kama huna haja. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, usiukande na usijaribu kuutembeza ili upone. Mwonyeshe daktari siku hiyo. Ukikosa pumzi ghafla, omba upelekwe hospitali iliyo karibu.

Na kabla hujawekewa dripu nyingine, mpe nesi daftari. Mwonyeshe siku ulizotembea, ulizoshindwa, na ganzi imefika wapi: vidoleni tu, au imepanda hadi kifundoni, au vifungo vya nguo vimeanza kukushinda. Ganzi ikitajwa mapema daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa kabla haijawa ya kudumu, na daktari hawezi kuiona kwa kukutazama.